Komaa au Tema? Malazan, Vitabu 10 Vinavyogombanisha Washkaji

Washkaji watatu wa Sinza walikuwa hawana tatizo lolote mpaka kitabu kilipoingia kati. Majina yanahifadhiwa, maana wawili kati yao wanapitia kurasa za namna hii kila siku na wakijiona hapa patachimbika.

Wa kwanza ni mwanachuo. Amemaliza mfululizo mzima wa Malazan Book of the Fallen, vitabu 10, na tangu amalize hana stori nyingine. Wa pili ni fundi simu. Alianza kitabu cha kwanza kwa mbwembwe zote, akafika kama ukurasa wa 150, akakiweka juu ya kabati la vipuri na mpaka leo kipo pale kinakula vumbi. Wa tatu ni dada wa mapokezi kwenye ofisi moja ya mjini, anayesomea ndani ya mwendokasi asubuhi na jioni. Yeye yupo kitabu cha 3.

Sasa mwanachuo akasema mbele za watu kwamba fundi kashindwa kwa sababu kichwa chake chepesi. Fundi hakukasirika. Alijibu kwa upole tu kwamba ni kweli, Kiingereza chake cha kidato cha nne ndo kimemuangusha. Watu wakacheka, maisha yakaendelea.

Tatizo ni kwamba wote wawili wamekosea. Na kosa la fundi ndo baya zaidi, kwa sababu amejihukumu kwa kesi isiyo yake.

KWA WASIOIJUA MALAZAN

Mwandishi anaitwa Steven Erikson, raia wa Canada. Kabla ya kuwa mwandishi mkubwa alisomea akiolojia na anthropolojia, yaani kazi ya kuchimba chini na kuokota vigae vya watu waliokufa zamani. Ulimwengu wa Malazan aliubuni na rafiki yake Ian C. Esslemont kuanzia mwaka 1982, kwanza kama mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Baadaye wakatengeneza mswada wa filamu, haukupata mnunuzi. Erikson akaugeuza riwaya, na mwaka 1999 kikatoka kitabu cha kwanza, Gardens of the Moon. Cha mwisho, The Crippled God, kilitoka 2011.

Vyote 10 vina maneno zaidi ya milioni 3. Piga hesabu. Mtu anayesoma maneno 200 kwa dakika atahitaji kama saa 250. Akisoma saa moja kila siku bila kuruka hata Jumapili, ni miezi 8. Na msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, anayekwenda maneno 150 kwa dakika, atakula kama miezi 11. Huo ni mwaka wa mtu. Kwa hiyo swali la kukomaa au kutema ni swali la maana, sio uvivu.

Ila urefu wenyewe hauogopeshi kihivyo. Vijana wa mjini wanafuatilia tamthilia za Kituruki na za Kikorea mpaka saa 8 usiku. Wapo wanaolipia hadithi za Kiswahili za kuendelea zinazotumwa kipande kipande kwenye simu, sehemu ya 1 mpaka ya 120, na wanamtukana mwandishi akichelewa siku moja. Watu wanaweza mzigo mrefu. Wasichokiweza ni kupotea.

NA MALAZAN INAPOTEZA

Vitabu vingi vya aina hii vina mgeni mmoja. Kijana wa kijijini asiyejua kitu, anasafiri, kila anachokutana nacho anaelezwa, na wewe msomaji unaelezwa pamoja naye. The Wheel of Time ya Robert Jordan inaanza hivyo hivyo. Ukiwa na yule kijana hupotei.

Erikson hakuweka mgeni. Wahusika wake wote ni wenyeji, wanaongea mambo yao kama watu wazima wanavyoongea mbele ya mtoto, hakuna anayegeuka kukueleza. Kuna dola, kuna malikia aliyempindua mfalme aliyekuwepo, kuna kikosi cha wanajeshi waliochoka kinachoonekana kama kinatolewa kafara na wakubwa wake, kuna mlima unaoelea angani. Ukianza kuzoea, baada ya kurasa mia na kitu unahamishwa mji mwingine kabisa, Darujhistan, wenye taa za gesi za bluu na genge lingine la watu wapya wa kuwakariri.

Hapo ndipo fundi alipoweka kitabu kabatini. Na hapo hapo ndipo walipoishia maelfu ya watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Mwandishi mwenyewe aliandika utangulizi wa toleo la baadaye akikiri kwamba wengi wanaishia njiani kwenye kitabu hicho cha kwanza, na kwamba alikiandika vile kwa makusudi. Mtu wa Toronto na mtu wa Sinza wanapotea kwenye kona ile ile. Kwa hiyo ile kauli ya "Kiingereza changu kibovu" ifutwe kwanza.

SORRY SIO POLE

Tuache utani, lugha nayo ina mchango wake. Ila sio kwa namna fundi anavyodhani.

Chukua neno warren. Ukifungua kamusi unaambiwa ni mashimo ya sungura. Kwenye Malazan ni njia za uchawi, ulimwengu mwingine ambao mchawi anaufungua na kuchota nguvu humo. Mtu mwenye kamusi mkononi atasoma sentensi mara tatu akijiuliza sungura wanafanya nini vitani. Wakati huo mwenzake asiye na kamusi anapita tu, na mbele kidogo anaelewa mwenyewe. Kuna maneno mengine kama Tiste Andii na T'lan Imass ambayo hata uende kamusi ya Oxford hayapo, ni majina ya makabila aliyoyatunga mwandishi.

Halafu majina ya wanajeshi. Kuna Hedge, ambayo kwa kawaida ni ua wa michongoma. Kuna Mallet, nyundo ya mbao. Kuna Fiddler, mpiga fidla. Na kuna msichana anaitwa Sorry. Aliyesoma Kiingereza darasani akikutana na sentensi inayosema Sorry kasimama mlangoni, anaanza kutafuta nani kamkosea nani.

Cha kuchekesha ni kwamba Mswahili ndo angepaswa kuelewa haraka kuliko wote. Hapa mjini kuna akina Shida, kuna Tabu, kuna Sikujua, kuna Mwanaidi. Ukiambiwa "Shida kaja kakuulizia" huhisi kuna balaa mlangoni. Unajua ni Shida yule wa mtaa wa pili. Wanajeshi wa Malazan wamepewa majina kwa mtindo huo huo, na mengi ni ya utani wa kambini yaliyoganda. Ukilijua hilo tu, nusu ya ukungu inaondoka.

Na asiyeamini kwamba ugumu hauna uhusiano na Kiingereza akachukue Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Ni kitabu chembamba, kipo kwa Kiswahili sanifu kabisa, na kimewatoa jasho walimu wenye shahada. Kitabu kigumu ni kigumu kwa lugha yoyote. Hakuna aliyefunga Nagona akasema Kiswahili chake ni cha kidato cha nne.

WANAOSEMA TEMA WANA HOJA

Isionekane kama hapa wanaotema wanapondwa. Hoja zao ni nzito na nyingi mashabiki wanazikwepa.

Kwanza, maisha ni mafupi na bando linaisha. Mtu anatoka kazini saa 12 jioni, anafika nyumbani saa 2 kwa sababu ya foleni, bado hajala. Kumwambia avumilie kurasa 600 ndo ataanza kufurahi ni kama kumwambia avumilie wali mbichi kwa sababu nyama ipo chini ya sahani.

Pili, Malazan haivumilishi mara moja tu. Ukimaliza kitabu cha 1 na ukaanza kuwapenda wale watu, kitabu cha 2 kinakupeleka bara lingine na wengi wao hawapo. Cha 4 kinatumia karibu robo yake ya kwanza kumfuata mtu mmoja mgeni. Cha 5 ndo kabisa, kinaanza upya na bara jipya, watu wapya, na mambo yaliyotokea kabla ya yale uliyokwisha kuyasoma. Cha 8 kinakwenda taratibu kama daladala inayosubiri ijae. Na cha 9 hakiishi, kwa sababu cha 9 na cha 10 ni hadithi moja iliyokatwa vipande viwili, mwandishi mwenyewe ameonya mwanzoni.

Tatu, kuna ukatili. Kuna ubakaji, kuna watoto wanaoteseka, kuna mateso yanayoelezwa kwa kirefu. Kuna msomaji ambaye hayo sio burudani kwake, ni kumbukumbu. Huyo akifunga kitabu asiulizwe swali hata moja.

Nne, wanajeshi wa Erikson wana tabia ya kuacha vita na kuanza falsafa. Mtu ana jeraha la mkuki tumboni bado anatafakari maana ya ustaarabu. Mara ya kwanza unaguswa. Mara ya 40 unamuomba afe kwa amani.

KWA NINI BASI WENGINE WAKOMAE

Kwa sababu ya kitabu cha 2, Deadhouse Gates, cha mwaka 2000.

Humo kuna jenerali mmoja, Coltaine, anayepewa kazi isiyowezekana. Uasi umelipuka, na yeye na jeshi lake dogo wanatakiwa kuwavusha makumi ya maelfu ya wakimbizi jangwani huku maadui wakiwafuata nyuma, pembeni na mbele. Maji hakuna, chakula kinaisha, na katikati ya msafara kuna matajiri wanaotaka waendelee kuhudumiwa kama wapo nyumbani kwao. Mzee mmoja mwanahistoria anatembea nao, kazi yake kuona na kuandika.

Msomaji aliyekulia Kigoma, akaona watu wakivuka mpaka na godoro kichwani na mtoto mgongoni, hahitaji kamusi kwa sura hizo. Hahitaji kujua warren ni nini. Dada wa mapokezi anasema alipitiliza vituo viwili vya mwendokasi kwa sababu ya msafara ule na alipoteremka hakujali. Mwisho wake hautasemwa hapa. Ila hakuna aliyeufikia akabaki na msimamo wa katikati.

Na hapo ndo inaonekana kwa nini kitabu cha kwanza kilikuwa vile. Erikson alikuwa mchimbaji wa vigae. Anakupa kipande, hakuelezi ni cha chungu gani. Kitabu cha 3 anakupa kingine, unagundua vinashikana. Jambo dogo lililotajwa kwa mstari mmoja kitabu cha 1 linakuja kulipuka kitabu cha 6. Raha ya kuunganisha mwenyewe, bila kuelezwa na mtu, ni tamu kuliko kutafuniwa.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba Malazan IMEISHA. Wapenzi wa Game of Thrones wanajua maumivu. Kitabu cha 5 cha George R. R. Martin kilitoka 2011, cha 6 watu bado wanakisubiri. Waliompenda Patrick Rothfuss nao kitabu chake cha 2 kilitoka 2011, cha 3 hakijaonekana. Robert Jordan alifariki 2007 akiwa hajamaliza, Brandon Sanderson akamalizia na cha 14 kikatoka 2013. Erikson aliahidi vitabu 10, akatoa 10, ndani ya miaka 12. Ukikomaa, mwisho upo.

SASA UKOMAE MPAKA WAPI?

Hapa ndo wengi wanachemka, kwa sababu wanaweka msimamo wa yote au sifuri. Ama umalize 10 au wewe sio msomaji. Hiyo ni akili ya mashabiki wa mpira, sio ya watu wanaosoma.

Msimamo wenye akili ni huu: mpe Erikson vitabu 2. Usimpe kurasa 150, kwa sababu kurasa 150 za kwanza ndo mbovu kuliko zote na hazisemi ukweli kuhusu mfululizo. Na usimpe vitabu 10 kwa heshima tu ya kwamba ulishaanza. Kama umemaliza msafara wa Coltaine na moyo wako haujashtuka hata kidogo, hakuna kitu mbele kitakachokubadilisha. Funga, mpe mwenzako, sepa. Utakuwa umepima kwa haki.

Hela nayo iangaliwe. Asinunue mtu vyote 10 kwa mpigo eti kujilazimisha. Kabati lililojaa vitabu ambavyo havijaguswa halimlazimishi mtu, linamsuta tu kila akipita. Kimoja kwanza. Kikishika, cha pili.

Kwa aliyeamua kujaribu, mambo machache yanasaidia. Mwanzoni kuna orodha ya wahusika, na kwenye baadhi ya vitabu mwishoni kuna faharasa ya maneno. Watu wanaviruka wakidhani ni mapambo. Piga picha orodha ile ikae kwenye simu. Ukikutana na jina usilolijua, usirudi nyuma kurasa 20 kulitafuta. Endelea. Kama ni muhimu litarudi lenyewe, na kama halirudi basi halikuwa muhimu. Soma sura nzima kwa mkao mmoja ukiweza, kwa sababu kurasa tatu tatu za kuiba iba ndo zinazokutoa njiani. Na jihadhari na intaneti. Ukitafuta jina la mhusika, neno la kwanza utakaloliona ni namna alivyokufa.

Kuna na hili la kusoma Malazan ili kunyoosha Kiingereza. Fundi alianza kwa sababu hiyo. Alikuwa amepata D ya Kiingereza, akaambiwa dawa ni vitabu vikubwa. Ushauri mzuri, kitabu sio. Nusu ya maneno magumu ya humo ni ya kutunga, hayatamsaidia kwenye usaili wala kwa mteja. Anayetaka kunyoosha Kiingereza achukue riwaya nyepesi za upelelezi, azimalize 5. Malazan isomwe na anayetaka stori. Fundi kupewa kitabu kisichokuwa dawa yake, halafu akaambiwa amekataa kupona, ni uonevu.

WALIOMALIZA WASHUKE KIDOGO

La mwisho liwaendee wanaotembea na Malazan kama cheo.

Vitabu hivi kwa kirefu chake vinahusu huruma. Vinahusu watu wadogo ambao hakuna atakayewaandika, askari wasio na majina makubwa, wakimbizi, walioshindwa. Mtu anayesoma maneno milioni 3 ya namna hiyo kisha anatoka kwenda kumcheka mwenzake aliyekwama ukurasa wa 150, amemaliza kurasa tu. Mwanachuo wetu angemsaidia mshkaji wake kwa dakika 5 tu: huyu nani, yule nani, Sorry ni jina. Alichagua kumuumbua.

Kushindwa kitabu hakumpunguzii mtu kitu, na kumaliza kitabu hakumuongezei urefu. Jaribu vitabu 2, pima kwa moyo wako, ukiona hapana tema bila kuomba radhi. Ukiona ndiyo, mwaka wako umeshapata kazi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani kakomaa, nani katema, na uliishia ukurasa wa ngapi? Tiririka hapo chini, ila ole wake atakayeandika Coltaine alifikaje mwisho wa safari.